Siwa Iliyozama na Ngadji Iliyochukuliwa

Neno *ngoma* katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja, kama wasomaji wetu wajuavyo. Ni chombo chenyewe, yaani mzinga uliowambwa ngozi. Tena ni mchezo unaochezwa kwa chombo hicho. Tena ni mkutano wa watu waliokuja kucheza na kutazama. Katika Kinyarwanda na Kirundi neno hilo limekwenda mbali zaidi, kwa kuwa *ingoma* ni ngoma, na pia ni ufalme na muda wa kutawala kwa mfalme. Ufalme wa Rwanda ulipoondolewa mwaka 1961, ngoma yake kuu, Karinga, nayo ikatoweka.

Kwa sababu hiyo, chombo cha namna hii kikipotea, haitoshi kuuliza bei yake. Chungu kikivunjika hununuliwa kingine, lakini chombo kinachobeba heshima ya mji hakina soko. Twataka kueleza hapa habari za vyombo viwili vya pwani ya Kenya, kimoja kilichozama baharini na kingine kilichotwaliwa kwa nguvu, na kuonyesha kwa nini hasara zake si sawa.

1. Majina ya pembe

Yafaa kwanza kuyatenga majina, kwa maana watu wengi siku hizi huita kila kitu kinachopulizwa tarumbeta. *Mbiu* ni pembe ya mnyama, hasa ya nyati, ipigwayo ili watu wakusanyike kusikia amri au habari. Ndiyo asili ya kusema kupiga mbiu, na ya mithali isemayo kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. *Baragumu* ni pembe pia, nalo latajwa hasa katika habari za vita na za kuitana. *Zumari* si pembe, ni filimbi yenye ulimi, nayo hupulizwa kwa nchani.

*Siwa* ni kubwa kupita hizo zote, na tofauti yake si ukubwa tu. Haipulizwi kwa nchani, bali kwa tundu lililo ubavuni, na ile kubwa haichukuliki kwa mkono mmoja kama mbiu. Tena mbiu yaweza kupigwa na mjumbe ye yote aliyetumwa, lakini siwa ilikuwa na mwenyewe, na mpigaji wake, na siku zake: kutawazwa kwa mfalme, arusi na tohara za watoto wa watu wakubwa, na mambo mengine ya heshima. Asiye na haki ya siwa hakupigiwa siwa, hata akiwa na mali.

Ukale wake wajulikana. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, mmoja wa watu wa safari yake aliandika kwamba mfalme wa mji alikuwa na wapigaji wa pembe mbili za ndovu zilizochorwa vizuri, urefu wake kama kimo cha mtu, nazo zilipulizwa kwa tundu la ubavuni. Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa zaidi, maana hizo ni siwa. Basi Wareno walipofika walizikuta, wala hawakuzileta.

2. Siwa iliyozama

Habari za kale za Pate, zilizohifadhiwa kwa kusimuliwa na baadaye zikaandikwa, zina kisa kinachotuhusu. Yasimuliwa kwamba wafalme wa Pate walikuwa na siwa yao, na watu wa ukoo huo walipokuwa na sherehe waliitumia. Mwana Darini, mwanamke wa ukoo wa wafalme, alitaka kumfanyia mwanawe sherehe. Wale waliokuwa na mamlaka wakapanga asipewe siwa, ili sherehe ya mwanawe ionekane kuwa ya mtu wa chini.

Mwana Darini hakushindana nao kwa maneno. Alimwita sharifu mmoja, Mwenyi Bayayi, fundi hodari wa kuchora, akamwuliza kama aweza kutengeneza siwa ya pembe za ndovu. Fundi akakubali, akachagua pembe alizozitaka, akafanya kazi yake kwa siri hata ikaisha. Siku ilipofika, siwa ikatokezwa mbele ya watu kwa ghafula, na wale waliotaka kumwaibisha wakaaibika wao.

Baada ya hayo ndipo ilipotokea hasara. Watu wa Lamu waliomba kuazima siwa ya kale ya mfalme. Ikatiwa chomboni, na chombo kikafa maji njiani, siwa ikazama. Hapakuwa na mwizi wala adui. Ilikuwa bahari tu. Njia ya maji kati ya Pate na Lamu si ndefu, lakini ina mikondo na mafungu, na kila nahodha wa huko ajua kwamba ufupi wa safari si dhamana ya salama.

Tangu hapo waliohitaji siwa iliwabidi kwenda kwa Mwana Darini. Naye, kama isimuliwavyo, hakuwanyima kama alivyonyimwa, bali aliweka sharti kwamba mpiga siwa wake aheshimiwe na kupewa haki yake. Na kazi ya kuipiga ikawa ya kizazi hicho.

Tunaomba msomaji aangalie mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, haki ya siwa haikuzama pamoja na chombo. Sherehe hazikukoma, kwa sababu palikuwa na siwa ya pili, na palikuwa na fundi aliyejua kazi, na jina la fundi huyo limehifadhiwa pamoja na jina la aliyemwagiza. La pili, heshima ilihama: ilikuwa kwa mfalme, ikawa kwa mwanamke aliyenyimwa. Bahari ilifanya jambo ambalo shauri la baraza lisingalilifanya.

Siwa ya Pate ya pembe za ndovu, ambayo urefu wake wapita mita 2, na siwa ya Lamu ya shaba, zimehifadhiwa hata leo katika makumbusho ya Kenya. Kisiwani Unguja pia siwa na ngoma za Mwinyi Mkuu wa Dunga ziliwekwa katika makumbusho. Hazimilikiwi tena na koo, lakini hazikutoka katika nchi, na mtoto wa Lamu akitaka kuona siwa aweza kupelekwa na mwalimu wake.

3. Ngadji iliyochukuliwa

Sasa tugeuke kuelekea mto Tana, kwa Wapokomo. Hawa walikuwa na chombo kiitwacho *ngadji*, ambacho wengine huandika *ngaji*. Huitwa ngoma, lakini haipigwi kwa fimbo wala kwa kofi. Ni ngoma ya kusuguliwa. Katika ngoma za namna hiyo hufungwa kijiti kwenye ngozi, na kijiti husuguliwa kwa mkono, mara nyingi mkono uliotiwa maji; ngozi hutetemeka, na mzinga huikuza sauti hata ikawa ngurumo ya kutisha. Mtu asiyeiona hudhani ni mnyama mkali wa mwituni.

Na kwa kweli watu wengi hawakuiona kamwe. Ngadji ilifichwa msituni, na waliokuwa na ruhusa ya kuitazama ni wazee walioingizwa katika chama chao tu. Wengine waliijua kwa sauti. Ilipovuma, watu walijua kwamba wazee wamekutana, na kwamba neno litakalotoka huko ni la kutiiwa. Jirani zao, Wamijikenda, walikuwa na chombo cha namna hiyo hiyo, *mwanza*. Krapf, aliyekaa Rabai tangu mwaka 1846, alikiandika chombo hicho katika habari zake, pamoja na katazo la wanawake na watoto wasikitazame.

Mwaka 1902 maafisa wa serikali ya Kiingereza waliichukua ngadji ya Wapokomo. Mwaka 1908 ikatolewa kwa British Museum mjini London. Ikawekwa ghalani. Zaidi ya miaka 100 ilipita, na mwaka 2016 ndipo watu wa ukoo wa watawala wa Wapokomo walipoonyeshwa ngoma hiyo huko London. Waliruhusiwa kuitazama, hawakurudi nayo.

Hapa lugha yetu yatusaidia kupima jambo. Katika vitabu vya makumbusho kitu kama hiki huandikwa kwamba kilitolewa na fulani, mwaka fulani. Neno *kutoa* ni neno jema, lakini Kiswahili huuliza kwanza: ametoa nani, na kilikuwa cha nani? Kitu *huazimwa*, kama siwa ya Pate. *Huzama* au *hupotea*, pasipo mtu kukusudia. *Huibwa*, mwenyewe asipoona. *Hunyang'anywa*, mwenyewe akiwa anaona na hana nguvu ya kuzuia. Habari ya ngadji si ya kuazima, wala kupotea, wala kuiba kwa siri. Ni ya kunyang'anywa, na yule aliyeitoa mwaka 1908 hakuwa mwenyewe.

Tena pana jambo la ajabu la kuandikwa hapa. Wimbo wa Taifa wa Kenya, uliotungwa kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1963, una sauti iliyotokana na wimbo wa mama wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Basi sauti ya mama wa Kipokomo husikika katika kila shule ya nchi hiyo, na sauti ya wazee wa Kipokomo imenyamaza ghalani ng'ambo ya bahari. Wimbo hauchukuliki mikononi, nao umebaki, chombo huchukulika.

4. Kwa nini hasara si sawa

Mtu aweza kuuliza: Kama Mwana Darini alitengeneza siwa mpya, kwa nini Wapokomo wasichonge ngadji mpya? Miti ipo, ngozi zipo.

Jibu liko katika namna ya kila chombo. Siwa ilikuwa ya hadharani. Kila mtu aliiona, aliisikia, alijua umbo lake na nakshi zake, na fundi mwenye macho na mkono aliweza kuiga. Ngadji ilikuwa na nguvu kwa sababu ya siri. Siri ilikuwa ukuta wake maadamu ilikuwa mahali pake. Lakini ilipoondolewa, siri ile ile ikawa shimo lake. Waliojua namna ya kuitunza na kuivumisha walikuwa wachache, nao walikufa, na vijana hawakuwa na kitu mbele yao cha kufundishiwa. Tena, aliyekichukua chombo mbele ya watu wote alionyesha kwamba ngurumo iliyotisha nchi nzima yaweza kubebwa na wapagazi. Aibu hiyo haiondolewi kwa kuchonga mzinga mwingine.

Jambo hili limetokea kwingine pia. Watu wa Ebrié, wa nchi ya Kodivaa, walikuwa na ngoma kubwa ya kupelekea habari, iitwayo Djidji Ayôkwé, yenye urefu wa zaidi ya mita 3 na uzito wa kilo 430. Kwa ngoma hiyo vijiji vilionywa watumishi wa serikali walipokuja kutafuta watu wa kazi za nguvu. Wafaransa waliitwaa mwaka 1916, na baadaye ikapelekwa Paris. Mwaka 2021 Rais wa Ufaransa aliahidi kuirudisha, na mwaka 2025 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuitoa katika mali ya taifa lao. Basi wale wasemao kwamba kitu kilichokwisha kuwekwa katika makumbusho hakiwezi kutoka wanajibiwa na tendo hilo. Lilihitaji sheria, na muda, na watu waliokataa kusahau.

5. Iliyo kazi ya mwalimu

Hatuna uwezo wa kutoa siwa baharini, wala ngadji ghalani. Walakini twaweza kuzuia hasara ya pili, ambayo ni ya maneno. Chombo kikiondoka, huanza kusahauliwa jina la mpigaji. Kisha majina ya sehemu zake. Kisha siku zake na miiko yake. Mwisho hubaki neno moja tu, ngoma, lenye kufunika yote. Kazi hiyo haifanywi na mwizi. Twaifanya wenyewe kwa kutouliza.

Kwa hiyo twawashauri walimu na makasisi walio karibu na wazee waulize na kuandika: Chombo kiliitwaje kwa lugha ya mahali? Kila sehemu yake iliitwaje? Kilitengenezwa kwa mti gani na ngozi gani, na nani? Nani aliruhusiwa kukipiga, na nani alikatazwa hata kukitazama? Kilipigwa siku gani? Kama hakipo sasa, kilikwenda wapi, mwaka gani, na kwa mkono wa nani? Swali hili la mwisho lisiachwe kwa kuona haya, hata ikiwa jibu lagusa watu wa shule au wa kanisa, maana si ngoma zote zilizopotea zilichukuliwa na maafisa.

Na mzee akikataa kusema jambo lililo la siri, aheshimiwe, na iandikwe tu kwamba ni siri. Kujua kwamba palikuwa na mlango uliofungwa ni bora kuliko kudhani kwamba palikuwa na ukuta mtupu. Siku chombo kitakaporudi, kitahitaji watu wanaojua kukiita kwa jina lake.