Kabla ya kununua 'mfumo', kampuni ijihesabu kwanza

Na Mwandishi Wetu

NENO "mfumo" limeenea mijini kiasi cha kugeuka udhuru. Mteja anayefuata bidhaa aliyokwisha kuilipia huambiwa dirishani kuwa mfumo unasumbua, na mfanyakazi anayeulizia mshahara uliochelewa hujibiwa kuwa mfumo haujamtambua. Mara nyingi anayetupiwa lawama, yaani kompyuta, ndiye mwenye kosa dogo kuliko wote.

Mifumo inayozungumziwa hapa ni zile programu kubwa za kuendesha shughuli za kampuni, ambazo wataalamu huziita kwa kifupi ERP. Kazi yake ni kuunganisha mauzo, manunuzi, ghala, uhasibu na mishahara viwe kitu kimoja. Karani anapoandika mauzo kaunta, salio la ghala hupungua papo hapo, deni la mteja huingia katika leja, na ofisa manunuzi hupata taarifa kuwa bidhaa inakaribia kwisha. Zipo kubwa kama SAP ya Ujerumani na Oracle ya Marekani, na zipo nyepesi kama Odoo ambazo kampuni za kati huzimudu.

Wauzaji wa programu hizo hueleza vizuri sana kile zinachoweza kufanya. Kisichoelezwa sana ni kile ambacho kampuni inayonunua inapaswa kuwa imekifanya kabla, na hapo ndipo fedha nyingi zinapopotelea.

Mfano unaofundishwa hadi leo katika vyuo vya biashara ni wa Hershey, kampuni kubwa ya chokoleti ya jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni hiyo ilitumia dola milioni 112 kufunga programu za kampuni tatu kwa mpigo: SAP, Siebel na Manugistics. Kazi ilikadiriwa kuchukua miezi 48, lakini uongozi ukataka ikamilike kwa miezi 30, kwani mwaka 2000 ulikuwa mlangoni na kulikuwa na hofu kuwa kompyuta za zamani zingeshindwa kuitambua tarehe mpya. Mfumo ulipangwa kuwashwa Aprili 1999. Ukachelewa hadi Julai, kipindi ambacho maduka ya Marekani huanza kuagiza pipi na chokoleti kwa ajili ya sikukuu ya Halloween ya mwisho wa Oktoba.

Oda zenye thamani ya takriban dola milioni 100 hazikufikishwa kwa wateja, ingawa chokoleti yenyewe ilikuwapo. Faida ya robo ya tatu ya mwaka huo ilishuka kwa asilimia 19. Wachambuzi waliofuatilia sakata hilo walieleza kwamba, kila msimu wa kuelemewa ulipofika, wafanyakazi walikuwa na desturi ya kuhifadhi shehena ya ziada popote penye nafasi, hata mahali ambapo si ghala rasmi. Wazoefu walijua kichwani kipi kiko wapi. Mfumo mpya haukuwa umeelezwa, kwa hiyo kwa upande wake mzigo huo haukuwapo duniani.

Hershey haikuitupa programu hiyo. Mwaka 2002 ilikamilisha kuhamia toleo jipya la SAP ile ile, safari hii baada ya majaribio ya kina, na kazi ikaenda vizuri. Kampuni ni moja na programu ni moja. Kilichotofautiana ni maandalizi.

Kichwa cha mtunza stoo

Takriban kila kampuni ya Dar es Salaam ina mtu wa aina hiyo: mtunza stoo wa miaka 15 ambaye ndiye mfumo wenyewe. Anajua kuwa katoni 40 zimehifadhiwa kwa jirani kwa sababu paa linavuja, kwamba mteja fulani hukopeshwa bila hati, na kwamba bidhaa iliyoandikwa "imekwisha" ipo nyuma ya mlango. Siku akiugua, biashara hupunguza mwendo. Kuhamia katika kompyuta maana yake ni kuyatoa yote hayo kichwani mwake na kuyaweka mahali ambapo kila anayehusika anaweza kuyaona, kazi ambayo hakuna mshauri kutoka nje anayeweza kuifanya.

Kazi hiyo huanza na majina. Katika orodha za duka la jumla la vifaa vya ujenzi, si ajabu kukuta "saruji 50kg", "sementi mfuko" na "cement kilo 50" kama bidhaa tatu tofauti, kila moja na salio lake. Mteja mmoja naye huwa watu watatu: Mama Neema kwa karani wa kaunta, Neema Stoo kwa dereva wa kupeleka mzigo, na jina lililosajiliwa TRA kwa mhasibu. Orodha hiyo ikimwagwa kwenye programu mpya kama ilivyo, kampuni itakuwa imelipa mamilioni ili ikosee kwa kasi zaidi.

Kisha vifuate vipimo. Nondo hununuliwa kiwandani kwa tani, lakini dukani huuzwa kwa kipande. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7, hivyo tani moja hutoa vipande 94 hivi, endapo kila kipande kina unene kamili, jambo ambalo wajenzi wengi wana shaka nalo. Kompyuta haitambui shaka. Ni lazima mtu mwenye mamlaka aamue tani moja itahesabiwa kuwa vipande vingapi, na nani atatia saini pale hesabu ya ghalani inapopishana na ya kwenye karatasi. Bidhaa kama hizo katika duka moja zinaweza kuwa mamia: misumari ya kilo na katoni, rangi ya lita na ndoo, waya wa mita na roli. Hapana budi kufunga geti kwa siku mbili na kuhesabu mali yote kwa mikono. Wafanyabiashara wengi huliona hilo kama hasara ya mauzo ya siku mbili, lakini hesabu hiyo ndiyo msingi wa kila taarifa ambayo mfumo utaitoa baadaye.

Nani abadilike?

Programu hizi huja zikiwa na utaratibu wake wa kufanya kazi, uliotokana na uzoefu wa kampuni nyingi. Swali linalozuka mapema ni iwapo kampuni itafuata utaratibu huo au itaagiza programu ikatwe na kushonwa upya.

Kampuni ya maduka ya Lidl ya Ujerumani ilikutana na swali hilo kwa gharama kubwa. Lidl ilikuwa na desturi ya kuthaminisha bidhaa zake za ghalani kwa bei ya kununulia, ilhali programu ya SAP kwa wauzaji wa rejareja ilizoea bei ya kuuzia. Badala ya kubadili desturi, programu ndiyo iliyobadilishwa, na badiliko moja likazaa mengine. Julai 2018, baada ya miaka takriban saba, kampuni iliachana na mradi huo, ambao vyombo vya habari vya Ujerumani vilikadiria kuwa umekula euro milioni 500. Pengine Lidl ilikuwa na haki ya kushikilia bei ya kununulia. Lakini uamuzi wa namna hiyo hufanyika kabla ya kutia saini mkataba, wakati kukataa bado ni bure.

Nchini Uingereza, Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilikusudia kuitumia Oracle kama ilivyo, kisha ikaanza kuibadilisha, ikiwamo sehemu inayolinganisha hesabu na taarifa za benki. Mfumo uliwashwa Aprili 2022, na fedha zilizoingia benki zikashindwa kuoanishwa sawasawa na vitabu, hata watumishi wakalazimika kufanya kazi hiyo kwa mikono. Gharama zilizoanza kwa makadirio ya takriban pauni milioni 19 zimekuja kuelezwa kuwa zinapita pauni milioni 100. Septemba 2023 halmashauri hiyo ilitangaza rasmi kuwa haiwezi kumudu matumizi mapya. Chanzo kikuu kilikuwa madai makubwa ya malipo sawa ya wafanyakazi wanawake, lakini mfumo huo nao ulitajwa. Mwaka uliofuata wakazi wa jiji walipandishiwa kodi ya halmashauri kwa karibu asilimia 10, wakiwamo wengi ambao hawajawahi kulisikia jina la Oracle.

Watu wa kuongoza kazi

Kosa linaloonekana dogo ni lile la kuchagua kamati ya mradi kutoka miongoni mwa wasio na kazi nyingi. Wanaohitajika ni wale ambao mkuu wa idara hawezi kuwaachia bila kulalamika: mhasibu anayefunga hesabu za mwezi, msimamizi wa ghala, karani anayejua wateja. Wao ndio wanaojua kazi inavyofanyika kwa kweli, tofauti na ilivyoandikwa katika miongozo. Kampuni isiyoweza kuwapunguzia majukumu na kuajiri vibarua wa kuziba pengo bado haijawa tayari, hata kama fedha za kununulia programu zipo benki.

Mwenye mali au mkurugenzi mkuu naye hawezi kuliacha suala hili kwa fundi wa kompyuta. Idara ya mauzo ikitaka mteja akopeshwe hapo hapo na uhasibu ukitaka akaguliwe kwanza, fundi hana mamlaka ya kuamua. Asipopata jawabu atachagua lililo rahisi kuliandika.

Hofu ya kupunguzwa kazi nayo si ya kupuuzwa. Mtunza stoo anayeombwa kueleza kila anachokijua anaona vema kuwa anaombwa kutoa kinga yake. Aelezwe mapema na kwa ukweli atakuwa na nafasi gani baadaye. Wapo pia wasiopenda mwanga kwa sababu nyingine, ambazo wakaguzi wa hesabu wanazifahamu, na hao watasema mfumo ni mgumu hadi siku ya mwisho.

Mafunzo ya siku mbili hotelini yenye cheti na chakula cha mchana hayatoshi. Karani ajifunze kwa ankara za kampuni yake, kwa Kiswahili, wiki chache tu kabla ya kuanza ili asisahau, na ajifunze pia kurekebisha kosa alilokwisha kulifanya.

Mkataba nao usomwe na mwanasheria: takwimu ni mali ya nani, na zitatolewaje endapo pande hizo mbili zitaachana. Kumbukumbu za wafanyakazi na wateja zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini Mei 2023. Aidha, mashine za kielektroniki za kodi zipo Tanzania tangu 2010, na mfumo usiowasiliana nazo utamlazimu karani kuandika kila mauzo mara mbili.

Siku ya kuwasha

Kwa Kiswahili chetu fundi "hufunga" mfumo, na neno hilo hilo hutumika kwa duka lisilouza. Maana hizo mbili hukutana pale mfumo unapowashwa Desemba au katikati ya Ramadhani. Wakati mzuri ni mwanzo wa mwezi wenye biashara ya wastani, na bora zaidi mwanzo wa mwaka wa hesabu.

Mishahara ikokotolewe kwa njia zote mbili, ya zamani na mpya, kwa miezi miwili au mitatu, na tofauti itafutwe hadi shilingi ya mwisho, kwa sababu mfanyakazi aliyepunjwa mara moja hatauamini tena. Tarehe ya kuwasha iwe na masharti yaliyoandikwa: hesabu ya ghala imekamilika, madeni ya wateja yamethibitishwa na wateja wenyewe, umeme ukikatika jenereta inawaka. Sharti moja likikosekana, tarehe isogezwe bila kuoneana aibu.

Malipo ya mwisho kwa mshauri nayo yasubiri kufungwa kwa hesabu za mwezi wa tatu. Ikifika siku hiyo na mhasibu bado anafungua kimyakimya jedwali lake la Excel ili kuhakiki kile mfumo unachokisema, hundi ibaki kwenye droo.