Vitandiko vya Mpira Chini ya Reli: Namna Mtetemo wa Treni za Mjini Unavyopunguzwa

Mwanafunzi wetu anapopewa matini ya kiufundi aifafanue kwa Kiswahili, aghalabu hukimbilia kamusi kabla hajalielewa jambo lenyewe. Hupata istilahi nyingi na maana kidogo. Kwa sababu hiyo, katika toleo hili tumechagua jambo moja la uhandisi lililo mbali na darasa letu, tulieleze kwa maneno tuliyo nayo: mtetemo wa treni za mjini unavyozuiwa usiwasumbue watu wanaoishi juu ya reli au kando yake.

Tuchukue mfano wa London. Reli ya kwanza ya chini ya ardhi ilifunguliwa huko tarehe 10 Januari 1863, kati ya Paddington na Farringdon, na mwaka 1865 ikafika Moorgate. Karne moja baadaye, mtaa wa Barbican, uliokuwa umeteketezwa kwa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, ulianza kujengwa upya. Zilipangwa nyumba za kuishi pamoja na ukumbi wa muziki, na reli ilipita papo hapo. Basi katika miaka ya 1960 kipande cha reli kati ya Barbican na Moorgate kilihamishwa, kikalazwa juu ya vitegemeo vya mpira. Ukumbi wenyewe ulifunguliwa mwaka 1982. Anayesikiliza fidla ikipigwa kwa sauti ya chini kabisa hataki kusikia treni ikinguruma chini ya kiti chake.

Mtetemo huo hutoka wapi? Gurudumu ni la chuma na reli ni ya chuma, na hakuna kati ya hivyo viwili kilicho laini kabisa kama jicho linavyodhani. Treni iendayo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 16.7 kila sekunde. Ikiwa mataruma yamepangwa kila baada ya sentimita 60, gurudumu hupita juu ya mataruma 28 kwa sekunde, na kila mara hukuta reli imeshikiliwa kwa nguvu zaidi kuliko katika nafasi iliyo kati ya taruma na taruma. Reli ikichakaa ikafanya mawimbi yenye urefu wa sentimita 10, gurudumu litatikiswa mara 167 kwa sekunde. Mitikiso hiyo hushuka kutoka kwenye reli hadi kwenye taruma, ikaingia katika zege la handaki, ikasafiri udongoni, kisha ikapanda kwa msingi wa nyumba. Mwenye nyumba hasikii treni yenyewe. Husikia sakafu na kuta zake zikinguruma. Akifunga dirisha hapati nafuu, kwani sauti hiyo haikuingilia dirishani.

Hapa ndipo kitandiko cha mpira kinapohitajika. (Tumeliepuka kwa makusudi neno “pedi”. Walimu wanajua kicheko litakachozua darasani.) Wengi hudhani kwamba mpira huumeza mtetemo. Ni kweli kwamba sehemu ndogo hugeuka joto ndani ya mpira, lakini hiyo si kazi yake kuu. Kazi kuu itaeleweka kwa jaribio ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifanya. Chukua utepe wa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, kama ule wa kufungia mizigo, uning'inize jiwe. Ukipandisha na kushusha mkono polepole, jiwe litakufuata. Ukiongeza kasi, utafika mahali ambapo jiwe linaruka kuliko hata mkono wako. Ongeza kasi tena, na jiwe litakaribia kutulia huku mkono ukihangaika. Utepe ni ule ule na jiwe ni lile lile. Kilichobadilika ni kasi tu.

Kwa hiyo kila kitu kizito kilichokalia mpira kina mwendo wake wa asili. Mtikiso unaolingana na mwendo huo hukuzwa. Mtikiso unaouzidi kwa zaidi ya mara 1.4 hivi ndio unaoanza kupunguzwa. Kwa hesabu ya darasani, mzigo unaokibonyeza kitandiko milimita 1 hucheza karibu mara 16 kwa sekunde. Ukitaka mwendo huo ushuke hadi mara 8, kitandiko lazima kibonyee milimita 4, yaani mara nne zaidi. Ulaini una gharama kubwa! Kitandiko cha kawaida kati ya reli na taruma hubonyea sehemu tu ya milimita. Hulilinda zege la taruma dhidi ya kugongwagongwa, lakini jirani hafaidiki sana. Na reli haiwezi kuachwa ididimie ovyo, isije ikavunjika au gurudumu likayumba.

Wahandisi wamelikabili tatizo hili kwa njia kadhaa. Mjini Köln, Ujerumani, kilibuniwa kishikio cha reli chenye umbo la yai, ambamo mpira haukandamizwi tu bali huvutwa kimshazari. Mpira ukivutwa hivyo huwa laini zaidi kuliko ukikandamizwa. Njia nyingine ni kuongeza uzito badala ya ulaini: reli hufungwa juu ya bamba nene la zege, na bamba hilo ndilo hukalishwa juu ya mpira au springi. Bamba likiwa zito, mwendo wa asili hushuka. Reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022, nayo hupita chini ya Barbican juu ya bamba la namna hiyo.

Wapo pia waliogeuza hesabu, wakaiacha reli na kukilinda kilicho juu yake. Jengo la Albany Court, lililojengwa London katikati ya miaka ya 1960 juu ya kituo cha St James's Park, limekalia vitegemeo vya mpira wa asili. Anayehofu kwamba mpira utaoza afikirie daraja moja la reli la Melbourne, Australia, lililowekewa vipande vya mpira mwaka 1889. Vilipochunguzwa baada ya karne hivi, kilichoharibika kilikuwa tabaka la nje tu.

Kuhusu istilahi, hatukupungukiwa. “Taruma” lilikuwa neno la mabaharia, likitaja mbao za kuimarisha chombo, kabla ya reli kufika pwani. Na sifa ya mpira ya kuvutika na kurudi hali yake twaweza kuiita unyumbufu, kutokana na kitenzi kile kile tunachokitumia kila siku tunaponyumbulisha vitenzi ubaoni.

Limebaki jambo ambalo wauzaji wa mipira hawalipigii mbiu. Reli iliyokalia kitandiko laini hutikisika yenyewe kwa uhuru zaidi, na kelele ndani ya handaki na behewa huongezeka. Jirani wa juu hulala huku abiria wa chini akipaza sauti ili asikike. Kwa sababu hiyo fundi mwangalifu huanza kwa kazi nyepesi zaidi: kuisaga reli mawimbi yaishe na kuyachonga upya magurudumu yaliyopoteza uduara. Akimaliza hayo ndipo hupima kama mpira bado unahitajika, na wa ulaini gani.