Kiduara Kinachoandika Mkataba

Je, wajua kwamba swali la kuchagua, lile la A, B, C, D, linaweza kuandika mkataba wa kurasa kumi? Aliyefanya mtihani wa KCPE kati ya 1985 na 2023 analijua vyema: penseli ya HB, karatasi ya majibu, mstari mweusi ndani ya kisanduku, na jasho. Kule jibu sahihi lilikuwa moja, na mtungaji alilijua kabla yako. Kwenye mkataba mambo yamegeuka. Mtungaji halijui jibu lako. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba jibu hilo, liwe lolote, limo kati ya yale aliyokuwekea.

Naandika haya chini ya mbuyu pale Mama Ngina, Mombasa, feri za Likoni zikipishana kwa mbali, kompyuta magotini na mihogo ya kukaanga pembeni (mafuta yake yameshafika kwenye kibodi). Mwendo mfupi wa tuktuk kutoka hapa ni Treasury Square na Barabara ya Nkrumah, penye mahakama na ofisi za mawakili. Huko ndiko violezo vinakofanya kazi.

Kiolezo ni hati iliyoandikwa mara moja ikaachwa na mapengo. Zamani pengo lilikuwa mstari wa nukta, au maneno mawili yaliyosimama bega kwa bega, mwenye nyumba/mpangaji, na agizo dogo pembeni: kata lisilohusika. Ni wangapi waliosahau kukata! Programu ya leo haimwachii mtu nafasi ya kusahau. Inauliza kwanza, unabonyeza, kisha inaandika yenyewe.

Maswali yake ni ya aina mbili. La kwanza lina viduara na linakubali jibu moja tu. Wataalamu wa kompyuta huviita vitufe vya redio, kwa sababu redio za zamani za magari zilikuwa na vitufe ambavyo ukibonyeza kimoja, kilichokuwa kimezama kinaruka juu. La pili lina visanduku, na unatia alama vingi upendavyo. Aina ya ndoa ni ya viduara: Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na cheti kimoja hakiwi cha aina mbili. Vinavyolipiwa ndani ya kodi ya nyumba ni vya visanduku: maji, stima, ulinzi, takataka. Ukitia alama vitatu, programu ijue kuweka koma baada ya cha kwanza na "na" kabla ya cha mwisho. Ukiacha vyote, sentensi nzima ifutike, la sivyo utasoma "kodi hii inajumuisha" kisha nukta.

Kila jibu lina sura mbili: maneno unayoyaona, na kile kinachoingia kwenye hati. Unabonyeza "Mjini", hati inaandika asilimia 4. Unabonyeza "Mashambani", inaandika asilimia 2, kwani ndivyo ushuru wa stempu unavyotozwa Kenya ardhi inapouzwa. Jibu linaweza pia kufunga mlango wa swali linalofuata. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Basi aliyejibu "Si raia" hapaswi hata kukiona kiduara cha umiliki wa kudumu.

Hayo yote ni mepesi ukilinganisha na ngeli. Violezo vingi vimetungwa kwa Kiingereza, na huuliza kama mpangaji ni mwanamume au mwanamke ili vijue vimtaje vipi. Kwetu yeye ni yeye. Nilipoanza kutunga cha Kiswahili nililifuta swali hilo kwa furaha, nikadhani nimepunguziwa kazi. Kisha nikafika kwenye swali la kitu kinachokodishwa: nyumba, chumba, duka, uwanja. Nikabonyeza "Duka", na mkataba ukaniletea "duka iliyoko Kibokoni itarudishwa ikiwa safi". Lugha ya namna hiyo huwezi kumpelekea mtu wa Mji wa Kale atie sahihi. Atakucheka kwanza, kodi baadaye.

Nyumba iliyoko, chumba kilichoko, duka lililoko, uwanja ulioko. Kiduara kimoja kinaburuta viambishi mpaka ukurasa wa mwisho. Dawa niliyoipata ni kulipatia kila jibu kifurushi chake. Ukibonyeza "Chumba", programu haichukui neno hilo peke yake. Inachukua pia "cha", "kilichoko", "kitarudishwa" na "kikiwa", na kila kimoja kina pengo lake. Wapangaji wakizidi mmoja, "atalipa" ligeuke "watalipa". Wapo wanaokwepa taabu hii kwa kuandika "eneo la kukodi" kila mahali. Inafaa, ila mkataba unakuwa baridi kama chai ya jana.

Swali lililonishinda kabisa lilikuwa la umiliki. Kiolezo nilichokiazima kutoka ofisi moja ya bara kiliuliza: wewe ni mwenye nyumba au mpangaji? Nilikuwa na mama mmoja wa Majengo, anataka hati ya kumkodisha mtu vyumba viwili. Akanitazama.

"Mwanangu, nyumba ni yangu. Ardhi si yangu."

Mombasa jambo hili lina jina lake: nyumba bila ardhi. Mtu ana kuta na paa, anaweza kuziuza, wanawe watazirithi, na kiwanja anakilipia kodi kwa mwenye ardhi. Ni mwenye nyumba na ni mpangaji, kwa saa ileile, na kiduara kinamtaka achague nusu yake. Mji wa Kale una fundo jingine, nyumba za wakfu. Aliyeiweka wakfu alikwisha kuitoa mikononi mwake, na haiuzwi kama mali ya mtu. Anayebonyeza "Wakfu" kwenye kiolezo cha mauzo hafai kupewa hati yoyote. Programu imwambie asimame, akaonane na wasimamizi.

Watungaji wengi hujikinga kwa kumalizia orodha na "Nyinginezo, eleza". Ni akiba nzuri, lakini anachokiandika mtu pale programu haikielewi. Inakibandika tu, na maswali yanayofuata hayajui yaulize nini. Jibu likirudi mara tatu chini ya "Nyinginezo" limestahili kiduara chake. Kenya imefanya hivyo kwa nchi nzima: sensa ya 2019 iliweka jibu la tatu kwenye swali la jinsia, na huntha 1,524 wakahesabiwa. Hawakuzaliwa wote mwaka ule.

Tena, usitie alama kwenye jibu lolote kabla mtu hajafika. Watu wana haraka, na wanachokikuta kimechaguliwa wanakipitisha hivyohivyo.

Kiolezo changu sasa kina maswali matatu yenye majibu manne kila moja. Zidisha 4 kwa 4 kwa 4, ni mikataba 64 iliyo tofauti, na sijapata njia ya kuikagua isipokuwa kuijaza mmojammoja na kuisoma kwa sauti. Niko wa 19, na mihogo imekwisha. Nawe ukiwa na kiolezo cha nyumba ofisini, kifungue leo kwenye swali la umiliki uhesabu viduara. Vikiwa viwili, kwa Mombasa havijatosha.