Deni la Onesimo: Jinsi ya Kuusoma Waraka kwa Filemoni



Katika Agano Jipya umo waraka mdogo wenye mlango mmoja tu na mistari 25. Ni waraka wa Mtume Paulo kwa Filemoni. Kwa udogo wake wengi huupita upesi, wakiwa njiani kwenda Waebrania. Lakini waraka huu mdogo umewahi kutumiwa ili kuwarudisha watu minyororoni. Maneno ya Paulo hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika namna ya kuyasoma. Basi mwezi huu na tuutazame pamoja, ili tujifunze jinsi ya kulifasiri Neno kwa uaminifu, na jinsi ya kulitenda nyumbani mwetu.

HABARI YENYEWE

Filemoni alikuwa Mkristo mwenye nyumba kubwa, nalo kanisa lilikutana humo (mstari 2). Alikuwa na mtumwa, jina lake Onesimo. Mtumwa huyo alifika kwa Paulo, naye Paulo alikuwa kifungoni. Akalisikia Neno, akaamini. Jina Onesimo kwa Kiyunani maana yake ni mtu wa kufaa. Kwa hiyo Paulo amwambia Filemoni kwa mzaha wa upole kwamba mtu huyu hapo kwanza hakumfaa, bali sasa awafaa wote wawili (mstari 11). Kisha amrudisha kwa bwana wake, na waraka huu mkononi.

Safari ile ilikuwa ya hatari. Sheria ya Warumi ilikuwa kali juu ya mtumwa aliyeondoka pasipo ruhusa. Aliweza kupigwa, au kutiwa chapa ya moto usoni, au kuvishwa pete ya chuma shingoni kama mnyama. Onesimo alipokaribia mlango wa Filemoni, kinga yake ilikuwa ile karatasi tu, na dhamiri ya yule atakayeisoma.

JINSI ULIVYOSOMWA MAREKANI

Sasa twende Marekani, katika jimbo la Georgia, mwaka 1833. Huko alikuwako mchungaji wa Kipresbiteri, Charles Colcock Jones, aliyejitoa kuwahubiri watumwa wa mashamba. Tena yeye mwenyewe alikuwa na watumwa. Siku moja aliwahubiri kusanyiko kubwa kutoka waraka kwa Filemoni. Akawahimiza kuwatii mabwana zao, akakemea tendo la kutoroka, akilitegemea jina la Paulo. Ikawa alipokuwa katika kusema, nusu ya watu wakainuka, wakaenda zao. Nao waliobaki hawakuridhika. Wengine walisema kwamba waraka wa namna hiyo haumo katika Biblia. Wengine, kwamba hiyo siyo Injili. Wengine, kwamba amehubiri ili kuwapendeza mabwana. Habari hii hatukuipata kwa adui zake, aliiandika mwenyewe.

Watu wale hawakuweza kufungua kitabu wakahakikisha, maana sheria ya Georgia ya mwaka 1829 ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma. Hata hivyo walitambua kwamba wamepewa mkate uliokatwa nusu. Baadaye, mwaka 1850, Marekani ilitunga sheria kali ya kuwarudisha watoro, hata wale waliokwisha kufika katika majimbo yasiyo na utumwa. Wakatokea wahubiri walioitetea kwa waraka huu huu, wakisema kwamba Paulo alimrudisha Onesimo, basi ni haki kuwarudisha watoro.

MASWALI MANNE YA MSOMAJI MWAMINIFU

Wahubiri wale hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa watu wa elimu, waliojua Kiyunani. Basi walikosea wapi? Tuupime usomaji wao kwa maswali manne, ambayo kila mwalimu yampasa kujiuliza mwenyewe kabla ya kusimama mbele ya watu.

Swali la kwanza: Je, neno hili limeandikwa, au nimelitia mimi? Angalieni vema. Katika waraka huu neno la kutoroka halimo. Paulo asema tu kwamba Onesimo alitengwa na Filemoni kwa kitambo (mstari 15), na kwamba, ikiwa amemdhulumu au awiwa kitu, jambo hilo liangaliwe (mstari 18). Tangu zamani wafasiri wengi wamedhani alitoroka, na huenda ni kweli. Lakini dhana ni dhana. Haifai kutungiwa sheria ya kumfunga mtu.

Uaminifu huo watudai sisi pia tunaouchukia utumwa. Paulo hakuandika waziwazi kwamba Filemoni amwandikie Onesimo hati ya uhuru. Alisema ana hakika ya kuwa Filemoni atafanya zaidi ya hayo aliyoambiwa (mstari 21), akaliacha neno hapo. Hatuna ruhusa ya kumwongezea Paulo maneno, hata yawe mazuri. Twaweza kuonyesha tu mahali alipomwelekeza Filemoni.

Swali la pili: Je, nimesoma mpaka mwisho? Mtu akikoma katika mstari wa 12 aona kwamba Onesimo amerudishwa, basi. Lakini akienda mbele mistari minne tu, akuta kwamba harudi tena kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa, kwa mambo ya mwili na kwa mambo ya Bwana. Na mstari wa 17 wazidi: Filemoni ampokee kama ampokeavyo Paulo mwenyewe. Je, Filemoni angemtia Paulo mnyororo? Angempiga fimbo? Bwana yule wa Marekani aliyemrudisha mtoro, kisha akamfunga kwenye nguzo na kumpiga, hakuufuata waraka kwa Filemoni. Alitwaa mstari mmoja, akautupa waraka.

Swali la tatu: Je, Maandiko mengine yasemaje? Torati yakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekimbilia kwako. Yaamuru akae mahali apendapo, wala asionewe (Kumbukumbu la Torati 23:15-16). Aibaye mtu na kumwuza, Torati yamhukumu kufa (Kutoka 21:16), naye Paulo awataja waibao watu pamoja na wauaji na waongo (1 Timotheo 1:9-10). Mistari hiyo ilikuwamo katika Biblia za wahubiri wale, wala haikufichwa na mtu.

Swali la nne ndilo zito kuliko yote: Katika ufafanuzi wangu, ni nani alipaye? Paulo, alipofika kwenye habari ya hasara na deni, aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba liandikwe juu yake, naye atalipa (mistari 18 na 19). Mtu mfungwa, mzee, asiye na mali, ajitwika deni la mtumwa! Tena katika waraka huu hakujiita mtume ili kutoa amri. Alijiita mfungwa, akaomba kwa ajili ya upendo (mistari 8 na 9). Lugha yetu ya Kiswahili yatusaidia hapa. Mtume na mtumwa ni maneno mawili yaliyotoka katika shina moja, kutuma. Paulo aliweka kando cheo cha mtume, ili asimame karibu na mtumwa.

Wafasiri wale wa Marekani walifanya kinyume. Walimpa mtumwa mzigo wote, nao hawakuchukua hata kidogo. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mtu akiona kwamba kila mara aifafanuapo Biblia gharama yamwangukia mwingine, naye mwenyewe hutoka hana hasara, na aogope, akarudie kusoma.

WATORO WA RABAI

Nasi wa Afrika ya Mashariki tusifikiri kwamba jambo hili ni la ng'ambo tu. Rabai, karibu na Mombasa, ndipo Krapf na Rebmann walipoanza misheni mwaka 1846. Katika miaka ya 1880 watoro wengi kutoka mashamba ya pwani walikimbilia huko na katika misheni nyingine za jirani. Mwalimu wa Rabai wakati ule alikuwa William Jones. Jina lake la ukoo ni sawa na la yule mchungaji wa Georgia, lakini hawana udugu. Huyu alikuwa Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, akakombolewa, akalelewa na Wakristo wa Bara Hindi huko Nasik. Sheria ya pwani ilikuwa upande wa mabwana, na misheni haikuruhusiwa kuwaficha watoro. Hata hivyo watu waliendelea kuja, wakajenga, wakalima, wakafundishwa Neno.

Mwaka 1888 mabwana wa mashamba walikasirika, hata ikaogopwa kwamba misheni zitashambuliwa. Ndipo George Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imeingia nchini, alipofanya mapatano: mabwana walipwe fedha, nao watoro wapewe hati za uhuru. Siku ya tarehe 1 Januari 1889, hati hizo zilitolewa Rabai. Waliowekwa huru kwa mapatano hayo walikuwa zaidi ya watu 1,400.

Hatusemi kwamba kampuni ile ilisukumwa na upendo mtupu. Ilikuwa na biashara yake, ikataka amani. Wala si haki kwamba mtu alipwe fedha kwa sababu ya kummiliki mwenzake. Lakini tazameni: pale palikuwa na deni, na watoro hawakurudishwa ili walilipe kwa migongo yao. Deni liliandikwa juu ya mwingine. Jambo hili lakaribia mistari 18 na 19 ya waraka wetu kuliko mahubiri ya Georgia yalivyoikaribia.

KATIKA NYUMBA ZETU

Utumwa wa sheria umekwisha kuondolewa: Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Je, waraka huu hauna kazi tena? Unayo.

Fikirini juu ya msichana wa kazi katika nyumba ya Mkristo. Amevunja sahani, mama mwenye nyumba amkata mshahara. Mwezi wa pili ameunguza shati, akatwa tena. Hata mwisho wa mwaka ataka kwenda kwao, aambiwa bado ana deni. Jioni wote huimba na kusali pamoja, naye hufundishwa kwamba watumishi watii. Neno hilo limo katika Biblia, ndiyo. Lakini limo pia neno la kwamba mabwana watoe haki na adili, wakijua kwamba nao wana Bwana mbinguni (Wakolosai 4:1), na la kwamba ujira uliozuiwa wapiga kelele masikioni mwa Bwana (Yakobo 5:4). Mama huyo amesoma mstari wa jirani yake, akaruka mstari wake.

Vivyo hivyo mume apendaye kumkumbusha mkewe habari ya kutii, wala hasomi mistari michache mbele, atakiwapo kumpenda kama Kristo alivyolipenda kanisa akajitoa kwa ajili yake (Waefeso 5:25). Na baba awaambiaye watoto wamheshimu, asahaupo kwamba yeye amekatazwa kuwachokoza (Waefeso 6:4). Na mtoto yatima wa ndugu, alelewaye nyumbani kwa shangazi au mjomba, ambaye yeye tu huteka maji wakati wenzake wako shuleni, kisha husomewa habari ya shukrani. Katika kila jambo la namna hiyo yampasa mkubwa ausome kwanza mstari unaomdai yeye.

Walimu wapendwa, ninyi mna deni kubwa zaidi, kwa kuwa watu husadiki midomo yenu. Mkipewa somo lenye amri kwa wadogo, someni sura nzima mbele ya wote, na wale wadogo wawepo. Wapeni nafasi ya kuuliza. Watu wale walioinuka na kuondoka huko Georgia hawakujua kusoma hata herufi moja, na bado walimfahamu Paulo kuliko mhubiri wao.

Twawashauri wazazi kwamba Jumapili moja ya mwezi huu, baada ya chakula cha jioni, wausome waraka huu wote kwa sauti nyumbani. Hautachukua hata dakika tano. Na aitwe kila mtu alalaye chini ya paa lile, pamoja na mtumishi wa jikoni na mlinzi wa mlango. Kisha baba na mama waulize: Katika nyumba hii, ni nani anayetudai? Wasikie majibu pasipo hasira. Na kama lipo deni, lilipwe wiki ile ile.

Bwana na awape wote masikio ya kusikia, na mikono ya kulipa.