Mashine ya presha kwenye zulia na sakafu: inasafisha nini, inaharibu nini, inaumiza vipi

Siku hizi, karibu kila kituo cha biashara kilicho kando ya barabara kubwa kina kijana mwenye mashine ya presha. Asubuhi anaosha bodaboda na Noah za abiria. Mchana mashine hiyo hiyo inaosha zulia la nyumba yenye harusi, mazulia ya msikitini kabla ya Ramadhani, sakafu ya bucha na banda la ng'ombe lenye sakafu ya saruji. Kazi ipo, na wengi wameianza bila mtu wa kuwaelekeza.

Katika makala hii tunaeleza mashine hiyo inavyofanya kazi, zulia lipi lioshwe nayo na lipi lisiguswe, na kwa nini tundu dogo la mashine hii kwenye kidole ni jambo la kukimbilia hospitali hata kama haliumi.

Nguvu hiyo inatoka wapi?

Ukiziba mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba, maji huruka mbali zaidi. Mashine ya presha hufanya jambo hilo hilo kwa nguvu kubwa. Ndani yake kuna pampu inayosukuma maji, na mwisho wa mpini kuna nozeli, yaani kichwa chenye tundu dogo sana. Maji mengi yanalazimishwa kupita mahali padogo, yanatoka kwa kasi kali.

Presha hupimwa kwa kipimo kinachoitwa ba. Tairi la gari dogo huwa na ba 2 na kitu. Maji ya bomba la nyumbani, yanapotoka vizuri, mara nyingi ni kati ya ba 2 na 4. Mashine ndogo ya umeme hutoa kama ba 100 hadi 150, na za injini ya petroli nyingi hufika 200 na zaidi. Kwa hiyo hata ile ndogo ina nguvu ya kama mara 50 ya iliyomo kwenye tairi.

Mashine ya kwanza barani Ulaya ya kusafisha kwa maji moto yenye presha kubwa ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1950 na mhandisi Alfred Kärcher. Mashine za namna hii zinafaa zaidi vitu vigumu: chuma, mawe, saruji. Zulia ni kitambaa, ndiyo maana linahitaji mkono wa tahadhari.

Angalia rangi ya nozeli. Kwenye mashine nyingi, nyekundu hutoa maji yaliyonyooka kama msumari. Njano huyatawanya kidogo, kijani zaidi, na nyeupe huyatandaza kama feni. Nyeusi ni ya kupigia sabuni, na presha yake ni ndogo. Kwa zulia tumia nyeupe. Nyekundu isikaribie zulia hata siku moja.

Zulia gani lioshwe?

Mazulia mengi yanayouzwa madukani ni ya nyuzi za plastiki. Hayo huvumilia maji, ila mengi yana kitambaa cha chini kilichogandishwa kwa gundi. Ukipiga maji kwa karibu, gundi huachia, zulia hujikunja, na nyuzi huanza kutoka kwa mafungu. Mteja hataona siku hiyo. Ataona baada ya wiki mbili, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Zulia la sufu halitaki maji moto wala sabuni kali, maana husinyaa na kupoteza rangi. Mkeka wa ukindu usiuguse kabisa kwa mashine: maji ya presha hukata mshono wa ukili, na unyevu ukibaki ndani mkeka huota ukungu. Mkeka unatosheka na kitambaa chenye unyevu na kivuli chenye upepo.

Zulia lililobandikwa sakafuni, kama la baadhi ya misikiti na ofisi, pia si la mashine ya presha. Maji yataingia chini na hayatakuwa na pa kutokea. Kazi hiyo ina mashine yake, inayopuliza maji kwa nguvu ndogo na kuyafyonza hapo hapo pamoja na uchafu. Kama huna hiyo, fyonza vumbi, kisha sugua sehemu yenye doa kwa brashi na povu, na ulikaushe kwa taulo.

Hatua kwa hatua

Kwanza, lipige zulia vumbi likiwa kavu. Litundike, lipige kwa fimbo upande wa nyuma. Mchanga uliobaki ndani ukikutana na maji unakuwa tope, na tope hilo ndilo linalokumalizia maji.

Pili, jaribu rangi. Lowesha kona moja, bana kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikichukua rangi, mwambie mwenye zulia kabla ya kuendelea.

Tatu, paka sabuni ya unga iliyoyeyushwa au ya maji, sugua kwa brashi laini, kisha subiri kama dakika 10. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaona presha ndiyo inayosafisha, kumbe uchafu unaachishwa na sabuni na muda. Presha kazi yake ni kusuuza. Aliyesubiri sabuni hana haja ya kusogeza nozeli karibu.

Nne, suuza ukiwa umelaza mpini, usiuelekeze wima, na nozeli ikae umbali wa kama sentimita 30 au zaidi. Fuata upande ambao nyuzi zimelalia. Endelea mpaka maji yanayotoka yawe meupe, kwa sababu sabuni inayobaki hunata na kuvuta vumbi upya.

Tano, ondoa maji. Lisukume kwa mti wa kukamulia sakafu, kisha litundike kwenye mti au ukuta wenye upepo, upande wa rangi usitazame jua kali. Zulia lililokaa na unyevu zaidi ya saa 24 hadi 48 huanza kuota ukungu, na ukungu huwasumbua hasa watoto na watu wenye pumu. Kwa hiyo siku ya mvua za masika ni bora kuikataa kazi kuliko kurudisha zulia linalonuka.

Hesabu ya maji na umeme

Mashine ndogo hutumia kama lita 7 kwa dakika. Dumu la lita 20 linakwisha kabla ya dakika tatu. Ukishika kifyatulio kwa dakika 20 kwa zulia moja, umetumia lita 140, yaani madumu saba. Unaponunua maji, piga hesabu hiyo kabla ya kutaja bei.

Kwa umeme, mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi saa moja inakula yuniti moja na nusu. Sola ndogo ya taa na kuchajia simu haiwezi kuiendesha.

Maji ya mtoni na kisimani yachuje. Mchanga huua pampu, na pampu ikizunguka bila maji huungua haraka.

Sakafu nazo zina tabia zake

Saruji ngumu isiyo na nyufa inaoshwa vizuri. Yenye nyufa itazidi kubanduka. Kwenye marumaru, usielekeze maji kwenye mistari ya katikati, kwani saruji ya hapo hutoka na vigae huanza kulegea. Sakafu ya udongo au ya samadi haioshwi kwa mashine.

Banda la mifugo lina jambo la ziada. Ondoa kinyesi kwa koleo kwanza. Ukikipiga maji kikiwepo, matone machafu yanaruka hadi machoni na mdomoni. Mkojo wa panya na wa mifugo unaweza kubeba vijidudu vya leptospirosisi, ugonjwa uliojulikana hapa Tanzania kama homa ya mgunda ulipozuka wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022. Wakati huo Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa 20, na watatu kati yao walifariki. Vijidudu hivyo huingia kupitia macho, mdomo au ngozi yenye mchubuko. Kwa hiyo vaa mabuti ya mpira, glavu na miwani, na funika kidonda chochote ulicho nacho.

Tundu dogo, jeraha kubwa

Sasa tufike kwenye jambo tunaloomba kila mwenye mashine alisome mara mbili.

Ngozi ya binadamu haihitaji ba 100 ili ipenyeke. Hata ba 7 hivi zinaweza kutosha. Maji yakipenya kwenye kidole, kiganja au mguu, nje huonekana tundu dogo kama la sindano, pengine bila damu nyingi wala maumivu makali. Ndani, maji yamesafiri katikati ya nyama na mishipa yakiwa yamebeba uchafu na sabuni. Baada ya saa chache kiungo kinavimba, damu haipiti vizuri, na nyama inaanza kufa. Waliochelewa wamewahi kukatwa vidole.

Ikitokea, zima mashine. Usikande kwa maji moto, usikamue, usisubiri kesho. Inua kiungo kilichoumia na uende hospitali yenye daktari wa upasuaji. Ukifika, sema wazi: "Nimepigwa na maji ya mashine ya presha," na utaje sabuni au dawa iliyokuwemo. Usipoeleza hivyo, anayekupokea anaweza kuona tundu dogo tu, akakupa vidonge vya maumivu na kukurudisha nyumbani.

Kwa sababu hiyo, ile desturi ya kumwambia kijana wa mashine "hebu nioshe mabuti haya nikiwa nimeyavaa", au watoto kurushiana maji ya mashine siku ya joto, tuiache. Nozeli isielekezwe kwa mtu wala mnyama, hata kwa utani. Ukimaliza kazi, zima mashine, funga maji, kisha bonyeza kifyatulio mpaka presha iliyobaki iishe. Usibadilishe nozeli kabla ya hapo.

Umeme, moshi na dawa

Umeme na maji ni maadui. Usiunge waya kwa plasta ukaulaza kwenye dimbwi. Plagi na soketi ziwe juu, pakavu. Mwombe fundi wa umeme mwenye leseni akufungie kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, na ahakikishe waya wa ardhi upo. Mtu akinaswa, usimshike. Kata umeme kwanza, ndipo umsogelee.

Mashine ya petroli isiwashwe ndani ya nyumba, duka au stoo, hata milango ikiwa wazi. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu, huishiwa nguvu, na anaweza kufa akidhani amechoka tu. Injini ibaki nje, mbali na madirisha, na mpira mrefu ndio uingie ndani. Ukiona dalili hizo kwa mwenzako, mtoe nje kwenye hewa safi na mpelekeni hospitali.

Kuhusu dawa, jiki usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala na kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma koo na mapafu, na ndani ya chumba kidogo inaweza kuua. Jiki pia hula rangi ya zulia, kwa hiyo huna sababu ya kuitumia hapo.

Maji machafu yaende wapi?

Wengi hupenda kuoshea kando ya mto kwa sababu maji yapo karibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu chanzo cha maji, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Faini ni jambo moja. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kuna mama anayechota maji hapo chini kidogo. Chimba shimo, lijaze kokoto na mchanga, uelekeze maji yako huko, mbali na kisima.

Kabla ya kukabidhi kazi

Kama wewe ni mteja, muulize kijana mambo matatu: atatumia nozeli ya rangi gani, ataacha sabuni muda gani, na zulia litakaushwa wapi. Anayejibu vizuri anaijua kazi yake. Na kama wewe ndiye mwenye mashine uliyeajiri vijana, wanunulie mabuti na miwani kabla ya kuwakabidhi mpini. Kijana akipoteza kidole, hakuna malipo ya mazulia yatakayokirudisha.