Elfu kumi ya Machi, deni la Oktoba: riba inavyojizalia kwenye simu

Kuanzia Litein hadi Silibwet, kalenda ya pesa ni moja. Kila mwezi unalipwa kwa kilo za majani ulizopeleka, kisha Oktoba inakuja bonasi, baada ya KTDA kufunga hesabu za mwaka unaoisha Juni. Kati ya hapo kuna karo, mbolea na wachumaji wanaongoja malipo yao, na simu iko karibu kuliko ofisi ya sacco. Unabonyeza, pesa inaingia. Halafu Oktoba tunaulizwa: nilikopa elfu kumi, mbona deni limepita elfu kumi na sita?

Hebu tuifanye hiyo hesabu pamoja. Chukua mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5, kiwango ambacho Wakenya wengi walikizoea tangu M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012. Umekopa KSh 10,000 katikati ya Machi. Ukilipa ndani ya mwezi, unarudisha 10,750 na mambo yameisha. Usipolipa, mkopo unasongezwa mbele siku 30 nyingine na ada inatozwa tena, safari hii kwenye 10,750 yote. Yaani ile 750 ya kwanza nayo imeanza kuzaa. Mwezi wa pili deni ni 11,556. Ukiendelea hivyo miezi saba hadi katikati ya Oktoba, linafika 16,590.

Wengi hupiga 750 mara saba, wanapata 5,250, na wanaona 15,250 kama ndiyo deni halali. Ile 1,340 iliyozidi ndiyo riba juu ya riba. Kama una kabambe isiyo na programu yoyote, fungua kikokotoo, andika 10,000, kisha zidisha kwa 1.075 mara nyingi kama miezi utakayokaa na deni. Hakuna siri nyingine.

Sasa kuna swali zuri ambalo watu huuliza: je, riba ikihesabiwa kila siku badala ya kila mwezi, si nitamalizwa kabisa? Na ikihesabiwa kila dakika?

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1683 Jacob Bernoulli, mwanahisabati wa Basel kule Uswisi, alijiuliza nini kitatokea riba ikiongezwa kwenye deni kila nukta ya muda, bila kupumzika. Aligundua kwamba deni halipai hadi mbinguni. Kuna dari. Shilingi moja kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka, hata ikilimbikizwa mfululizo, mwisho wa mwaka inakuwa kama shilingi 2.718 tu. Baadaye Leonhard Euler, mtu wa Basel pia, aliipa namba hiyo herufi e, na ndiyo unayoiona kwenye vikokotoo vya sayansi. Kwa riba ya mfululizo, chukua e, ipandishe kwa kipeo cha riba mara muda, kisha zidisha kwa pesa uliyoanza nayo.

Tuipime kwenye mkopo wetu. Asilimia 7.5 mara miezi 12 ni asilimia 90 kwa mwaka. KSh 10,000 ikikaa mwaka mzima bila kulipwa, ikilimbikizwa kila mwezi inakuwa 23,818. Ikilimbikizwa kila siku, 24,569. Mfululizo kabisa, 24,596. Ona hapo: kutoka kila siku hadi kila nukta ya muda, tofauti ni shilingi 27. Nauli ya boda haitoshi. Kinachokuumiza ni ile asilimia yenyewe, pamoja na miezi unayoiacha ifanye kazi.

Upande wa akiba ni vivyo hivyo. Utaona matangazo ya "faida kila siku" na watu wanachangamka. KSh 10,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka, kabla ya kodi, ikilimbikizwa kila mwezi inakuwa 11,268. Kila siku, 11,275. Shilingi saba kwa mwaka mzima! Ukilinganisha akaunti mbili, tazama kwanza kiwango cha mwaka na makato. Neno "kila siku" lisikubabaishe.

Ila usichanganye hili na ada ya kila siku. Kuna huduma za kukamilishia muamala ambazo hutoza shilingi kadhaa kwa siku bila kulimbikiza. Tuseme ni shilingi 6 kwa siku kwenye deni la 1,000. Inaonekana ndogo, na kweli haizai juu yake yenyewe. Lakini siku 30 ni shilingi 180, sawa na asilimia 18 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya mkopo wetu wa juu. Maoni yetu: huduma hiyo ni ya kukuvusha hadi kesho kutwa. Kuikalia hadi bonasi ni ghali mno.

Kujua deni litajirudia mara mbili lini, gawanya 72 kwa asilimia ya mwezi. Kwa 7.5 unapata kama miezi tisa na nusu. (Kwa riba ya mfululizo gawanya 69, sisi 72 inatutosha.) Kwa sacco inayotoza asilimia 1 kwa mwezi, ni miezi 72. Ile elfu kumi ya Machi ingefika Oktoba ikiwa 10,721.

Na bonasi yenyewe haina ahadi. Mwaka 2025 viwanda vingi vya ukanda huu vililipa chini ya vilivyolipa 2024, na aliyekopa Machi akihesabu bonasi ya mwaka uliotangulia alijikuta na deni lililokua na mfuko uliosinyaa. Deni halijui bei ya chai.

Kwa hiyo malipo ya kila mwezi yana kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Rudi kwenye elfu kumi yetu. Badala ya kungoja Oktoba, toa KSh 2,000 kila mwezi kwenye pesa ya majani, mahali ambapo ada inatozwa kwenye salio lililobaki. Mwezi wa kwanza unabaki na 8,750, wa pili 7,406, na mwezi wa saba unafunga kwa 1,016. Jumla umelipa 13,016. Gharama ya mkopo imeshuka kutoka 6,590 hadi 3,016, na bonasi, iwe nono au nyembamba, inaingia ikiwa yako.

Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinamtaka mkopeshaji wa kidijitali akuonyeshe gharama zote kabla hujakubali. Kwa mikopo ya benki, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: mkopo ukishindwa kulipika, riba inayodaiwa haiwezi kuzidi salio la mtaji. Shailoki wa sokoni hana habari na kifungu hicho. Kabla ya kubonyeza 1 kukubali, uliza mambo matatu: ni asilimia ngapi, kwa siku ngapi, na nikichelewa ada inatozwa kwenye mtaji au kwenye deni lote?