Wingu na Jalada la Wakili: Maelezo juu ya Kompyuta za Kukodi katika Ofisi Ndogo za Sheria

Neno wingu lafahamika kuwa ni mvuke uliokusanyika angani. Halishikiki, wala halina mwenyewe. Katika habari za kompyuta neno hilo limepewa maana ya pili kwa kufuata Kiingereza, nayo ni huduma ya kutunza na kushughulikia habari katika mashine zilizo mbali, kwa njia ya intaneti. Maana hii yahitaji kufafanuliwa, hasa kwa upande wa mawakili wa ofisi ndogo, kwani jina lenyewe laficha jambo ambalo wakili hapaswi kulisahau: wingu la namna hii lina nyumba, lina mwenyewe, na lina mkataba.

1. Maana ya huduma

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa maelezo yake mwezi wa Septemba 2011, ikataja sifa tano. Mteja hujipatia huduma bila kumngoja mtu. Huipata kwa mtandao. Vyombo hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Kiasi chaweza kuongezwa au kupunguzwa upesi. Na matumizi hupimwa. Kwa ufupi, ni kukodi. Wakili hanunui mashine ya kuweka ofisini, bali kwa kawaida hulipa kila mwezi kwa kila mtumiaji. Majalada yake hukaa katika mashine za kampuni pamoja na ya ofisi nyingine, yakitengwa kwa programu wala si kwa ukuta.

2. Kazi za programu

Programu za kuendesha ofisi za sheria zilikuwako kabla ya wingu, lakini nyingi zilihitaji seva na fundi wa kuitazama, gharama iliyowashinda wengi wa mawakili wadogo. Miongoni mwa programu za kwanza kuwekwa kwenye wingu kwa ajili yao ni Clio, iliyoasisiwa nchini Kanada na Jack Newton na Rian Gauvreau, ikatolewa mwaka 2008.

Programu za aina hii hutenganisha shauri, yaani kazi yenyewe ya kisheria, na jalada, yaani nyaraka zake. Huweka tarehe za mwisho za kuwasilisha hati. Hutafuta majina ya wateja wa zamani ili wakili asije akamtetea mtu dhidi ya mteja wake mwenyewe. Na hurekodi muda wa kazi, ambao Marekani aghalabu huhesabiwa kwa vipande vya dakika 6, yaani sehemu ya kumi ya saa.

Kazi iliyo nzito kuliko hizo ni kutunza hesabu ya amana. Kanuni ya Mfano 1.15 ya chama cha wanasheria cha Marekani, ABA, yamtaka wakili atenge mali ya mteja na mali yake mwenyewe. Mathalan, mteja wa kwanza ameweka dola 3,000 na wa pili dola 500, zote katika akaunti moja ya amana. Wakili akitoa dola 800 kwa gharama za yule wa pili, benki italipa bila kuuliza, kwa kuwa fedha zipo. Lakini dola 300 zitakuwa zimetoka katika mali ya mteja wa kwanza, wala taarifa ya benki haitalionyesha kosa hilo. Programu yenye daftari la kila mteja yaweza kuonya kabla ya malipo. Na baadaye husaidia kulinganisha hesabu tatu, yaani taarifa ya benki, daftari la akaunti nzima, na jumla ya madaftari ya wateja.

3. Siri ya mteja

Je, wakili akiweka siri za mteja katika mashine ya mtu mwingine, hajavunja ahadi yake? Chama cha wanasheria cha jimbo la New York kilijibu swali hilo mwaka 2010, katika Maoni Na. 842: yaruhusiwa, mradi wakili achukue hadhari ya kutosha. Miongoni mwa hadhari hizo ni kuhakikisha kwamba mtunzaji amefungwa na wajibu wa kuhifadhi siri, na kwamba atamjulisha wakili akitakiwa kisheria kutoa habari za mteja. Mwaka 2012 ABA nayo iliongeza katika kanuni zake kwamba wakili afahamu faida na hatari za vyombo anavyovitumia. Basi jalada limehama, lakini wajibu haukuhama.

Hatari zenyewe si za kubuni. Mwezi wa Septemba 2013 Nirvanix, kampuni ya Marekani ya kuhifadhi data, iliwaambia wateja wake waondoe mali zao kwa muda wa majuma mawili tu. Mwezi wa Novemba 2023 kampuni ya CTS ya Uingereza, iliyohudumia ofisi za sheria, ilishambuliwa kwa njia ya mtandao, na baadhi ya watu waliokuwa wakinunua nyumba wakacheleweshwa. Aidha, sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iitwayo CLOUD Act yawezesha kampuni iliyo chini ya mamlaka ya nchi hiyo kuamriwa kutoa data hata ikiwa imehifadhiwa ng'ambo.

4. Upande wa lugha

Nchini Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Mkataba wa huduma hii ukiandikwa kwa Kiswahili, neno wingu peke yake halitoshi. Husemi mali imewekwa winguni, ukadhani umetaja mahali.

Kwa hiyo neno hilo na libaki katika mazungumzo, maana limekwisha kuenea. Katika mkataba yafaa yatumike maneno ambayo lugha inayo tangu zamani: mtunzaji, amana, mahali pa hifadhi, muda wa kurudisha. Neno amana lafaa zaidi ya yote, kwani ndani yake mna watu wawili: aliyeweka, na atakayeulizwa.